Kabla ya Kukopa Ada ya Unesi: Hesabu ya Kufanyia Nyumbani Kipatimu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nyingi za Kipatimu huwa na mazungumzo yanayofanana. Binti amefaulu Baiolojia na Kemia. Kuna shangazi ambaye ni nesi Hospitali ya Kinyonga kule Kilwa Kivinje, au mjomba anayefanya kazi Sokoine mjini Lindi. Jirani naye ana mtoto chuoni, na picha zake za sare zimeshazunguka kwenye simu za ukoo mzima. Siku chache hazipiti, mzazi ameanza kuulizia nani atamkopesha ada.

Uuguzi ni kazi ya heshima, na zahanati zetu zinawahitaji wauguzi. Makala hii haimkatazi mtu kusoma. Inamwomba mzazi na kijana wakae pamoja na daftari kabla ya kusaini karatasi yoyote ya mkopo, kwa sababu deni la ada huanza kudai tangu siku ya kwanza, wakati mshahara unaweza kuchelewa mwaka mzima au zaidi. Jambo la kushika ni hili: deni lipimwe kwa fedha itakayobaki mkononi baada ya makato na matumizi. Mshahara unaotajwa vijiweni si kipimo.

Kwanza jueni kijana anasomea nini

Mtaani watu husema "unesi" kana kwamba ni kozi moja. Vyuoni kuna ngazi. Mwaka wa kwanza ni NTA ngazi ya 4, yaani astashahada ya awali. Mwaka wa pili ni ngazi ya 5, ambayo ndiyo astashahada, au cheti kama tulivyozoea kuita. Mwaka wa tatu ni ngazi ya 6, stashahada, yaani diploma. Tofauti hizi zinaingia moja kwa moja kwenye mfuko. Serikali inapotangaza ajira, muuguzi wa cheti huwekwa katika ngazi ya mshahara ya TGHS A, wa diploma TGHS B, na wa shahada TGHS C. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo ni: kozi hii inaishia ngazi ipi, na mhitimu anaajiriwa kwa cheo gani?

Swali la pili ni sifa za kuingia. Kwa kawaida uuguzi hudai ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi. Mtu akikuambia kwamba kijana asiye na masomo hayo "atasaidiwa tu aingie", jiulize cheti hicho kitapokelewa wapi.

Swali la tatu ni uhalali. Chuo kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na kozi yenyewe iwe imeidhinishwa. Jina la chuo na la kozi huonekana kwenye kitabu cha mwongozo cha udahili ambacho NACTVET hutoa kila mwaka, pamoja na ada na idadi ya nafasi. Baada ya masomo kuna mlango mwingine: Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza hilo. Anayeuza "kozi ya unesi ya miezi michache" kwenye chumba cha kupanga mjini anauza karatasi. Ada iliyolipwa kwa karatasi hiyo hairudi.

Kwa watu wa ukanda wetu, vyuo vya uuguzi vinavyofikika ni pamoja na St. Walburg's Nyangao mkoani Lindi, na Ndanda na Newala mkoani Mtwara. Ukaribu ni fedha. Kutoka Kipatimu unashuka hadi Njia Nne, unapita Nangurukuru na Lindi, kisha kutoka Mnazi Mmoja unafuata njia ya Masasi kupitia Mtama hadi Nyangao. Ndanda iko mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo. Safari hiyo kijana ataifanya kila likizo.

Someni fomu ya kujiunga mstari kwa mstari

Chuo kikimchagua kijana, hutuma fomu ya maelekezo ya kujiunga. Wazazi wengi hutazama mstari mmoja tu, ule wa ada, wakaiweka fomu kabatini. Chukueni kalamu, pigeni mstari chini ya kila namba yenye neno shilingi. Mtakuta ada ya mafunzo, hosteli, chakula kama chuo kinapika, ada ya mitihani, ada ya uthibiti ubora ya NACTVET, bima ya afya, kitambulisho, na tahadhari ya vitu kuharibika. Ukurasa unaofuata una sare, viatu, saa yenye mshale wa sekunde, stetoskopu, mashine ya presha, kipimajoto, glovu, daftari kubwa na rimu za karatasi. Halafu kuna jambo ambalo mara nyingi halina bei kwenye fomu: mafunzo kwa vitendo. Kijana hupelekwa hospitali au kituo cha afya kwa wiki kadhaa, na huko anahitaji nauli, chakula, na pengine chumba.

Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kujifunzia, kwa hiyo kila familia iweke za kwenye fomu yake.

Ada ya mafunzo kwa mwaka: 1,300,000.
Malazi na chakula, 120,000 kwa mwezi kwa miezi 10: 1,200,000.
Mitihani, bima na michango ya chuo: 300,000.
Sare na vifaa: 150,000.
Nauli na mafunzo kwa vitendo: 250,000.
Jumla ya mwaka: 3,200,000.

Cheti cha miaka miwili kitafika 6,400,000. Diploma ya miaka mitatu itafika 9,600,000. Angalieni: ada iliyotajwa kwenye mwongozo ni chini ya nusu ya gharama yote. Familia inayokopa kwa kutazama ada peke yake itakopa tena kabla ya muhula wa pili.

Wekeni pia akiba ya dharura ya njia. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Kusini eneo la Somanga, na abiria wakakwama huku na huku. Mwanafunzi aliye njiani siku kama hizo hula na kulala kwa fedha ambayo haikupangwa.

Fedha itatoka wapi

Anzeni na kisicho na riba: mazao. Katika nchi yetu ya Wamatumbi mwaka wa fedha hufuata shamba. Ufuta huvunwa na kuuzwa katikati ya mwaka kwa stakabadhi ghalani, minada ikisimamiwa na vyama vya ushirika. Machungwa ya Kipatimu yana msimu wake, na korosho hufuata miezi ya mwisho wa mwaka. Vyuo vingi hufunguliwa kuanzia Septemba au Oktoba, na ada hugawanywa kwa mihula. Fedha ya ufuta inaweza kubeba muhula wa kwanza, ya korosho ikasaidia wa pili, ilimradi itengwe siku inapoingia benki. Ikikaa mkononi itaonwa na harusi, bati na madeni ya dukani. Bei ya mnada hupanda na kushuka, kwa hiyo pangeni bajeti kwa bei ya mwaka mbaya.

Kisha kuna ndugu. Ahadi ya ndugu iandikwe: nani, kiasi gani, muhula upi. Ahadi ya kwenye kikao cha harusi ni maneno ya furaha. Yenye jina na tarehe ndiyo inayoingia kwenye hesabu.

Mkopo wa serikali una mipaka yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kukopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24, kwa kozi za kipaumbele zilizotajwa kwa majina kwenye mwongozo wake. Mkopo huo ni wa ngazi ya diploma. Anayeishia cheti asiutegemee. Na si kila kozi ya afya huwa kwenye orodha. Someni mwongozo wa mwaka husika mtafute jina la kozi yenu kabla ya kulipia maombi. Kwa anayeupata, masharti ni mepesi kuliko ya mtaani. Mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ile asilimia 6 ya kila mwaka iliyokuwa ikiongezwa kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021.

Kama katika ukoo kuna mtumishi mwenye mshahara, aulize benki yake mkopo wa elimu. Benki ya NMB kwa kushirikiana na Wizara ya Elimu ilizindua mkopo wa namna hiyo kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, kwa watu ambao mishahara yao inapita kwenye benki hiyo. Lakini deni hilo ni la mtumishi, wala si la mwanafunzi. Yeye ndiye atakayekatwa hata kijana akishindwa mitihani, kwa hiyo lazima aridhie kwa moyo mmoja, na nyumba yake ijue.

Kikoba na SACCOS hufuata. Riba yake huwa ya kubebeka na inarudi kwa wanachama wenyewe. Tatizo lake ni muda: kikoba hutaka fedha ndani ya miezi michache, wakati kijana atasoma miaka. Kikoba kinafaa kuziba pengo la muhula mmoja ukingojea mnada. Hakifai kubeba kozi nzima.

Mwisho kabisa ni wakopeshaji binafsi. Benki Kuu imewawekea wale wenye leseni kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Inaonekana ndogo, ila kwa mwaka ni asilimia 42. Wale wasio na leseni, wenye mikopo ya kausha damu na zile programu za simu, hawana hata kikomo hicho. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Ada ya chuo isitoke huko kamwe.

Mshahara ukitua, kinabaki nini

Sasa tuhamie upande wa pili wa daftari. Tangu Julai 2025, kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni 500,000, kutoka 370,000. Muuguzi aliyeajiriwa serikalini hawezi kupata chini ya hapo, na wa diploma yuko juu ya wa cheti. Tutumie hiyo 500,000 kwa makusudi, kwa sababu hesabu ya deni ikisimama kwenye kiwango cha chini kabisa, itasimama kokote.

Kwenye salari slipu makato yatakuwa hivi. Mfuko wa pensheni wa PSSSF huchukua asilimia 5, yaani 25,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 15,000. Kodi ya mapato hutozwa kwenye kinachobaki baada ya pensheni: 270,000 za mwanzo hazina kodi, zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kwa 475,000 kodi ni 16,400. Akiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2, ondoa 10,000. Kinachofika mkononi ni 433,600.

Kijana huyu amepangiwa zahanati ya mbali na kwao. Kodi ya chumba 50,000, chakula 150,000, nauli na simu 50,000, na 50,000 ya kutuma nyumbani, maana mtoto wa kwetu akianza kazi hawezi kuacha kumkumbuka mama yake. Jumla 300,000. Ziada ni 133,600 kwa mwezi. Hiyo ndiyo fedha ya kulipa deni. Nyingine zote zina wenyewe.

Tuseme familia ilimudu 1,900,000 kila mwaka, ikakopa pengo la 1,300,000. Kwa miaka miwili deni ni 2,600,000. Kama halina riba, ziada ile italimaliza kwa takriban miezi 20. Deni hilohilo kwa asilimia 3.5 kwa mwezi linadai riba ya 91,000 mwezi wa kwanza, na litalipwa kwa karibu miezi 34. Kwa miaka mitatu, pengo ni 3,900,000, na riba yake kwa asilimia 3.5 ni 136,500 kwa mwezi. Imeizidi ziada yote. Muuguzi huyo atalipa kila mwezi na deni halitapungua hata shilingi moja. Mshahara wa diploma ni mkubwa kuliko huu wa mfano na utampa nafuu kidogo, lakini mkopo wa namna hiyo unaweza kumeza faida yote ya mwaka wa tatu wa masomo.

Kwenye hospitali na vituo vya binafsi, mkataba unaweza kuwa chini zaidi. Kwa mshahara wa mfano wa 350,000, mfuko wa pensheni wa NSSF huchukua asilimia 10, yaani 35,000, na kodi ni 3,600. Unabaki na 311,400. Kwa matumizi yaleyale ya 300,000, ziada ni 11,400. Mwenye mkataba kama huo afanye kazi karibu na kwao, aishi nyumbani, angalau mpaka deni liishe.

Miezi ya kusubiri

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Kumaliza chuo hakumaanishi kuanza kazi. Kuna kusubiri matokeo, kuna mtihani na usajili wa Baraza, kisha kuna kusubiri tangazo la ajira. Ajira za zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri hutangazwa na serikali, na waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Wapo wahitimu wanaojitolea vituoni kwa muda mrefu kwa posho ndogo au bila posho.

Deni la 2,600,000 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, likikaa miezi 18 bila kulipwa, huzaa riba ya 1,638,000 hata bila kuhesabu riba juu ya riba. Na hiyo ni baada ya kuhitimu. Miaka ya masomo nayo ilikuwa inahesabiwa. Kwa hiyo muulizeni kila mkopeshaji: riba inaanza kuhesabiwa lini, na malipo yanaanza lini? Mkopo unaotaka rejesho la kwanza mwezi ujao ni mkopo wa biashara. Mwanafunzi hana cha kurejesha.

Wakati wa kusubiri, kijana asikae akitazama mlango mmoja. Afuatilie hospitali za misheni, ikiwemo ya hapa Kipatimu, na zile za Ndanda na Nyangao. Afuatilie nafasi za mkataba zinazotolewa na mashirika kama Taasisi ya Benjamin Mkapa, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipeleka watumishi wa afya kwenye vituo vya pembezoni. Leseni yake aihuishe kwa wakati, maana nafasi ikitangazwa haimsubiri mwenye karatasi zilizoisha muda.

Kipimo cha kuamua

Napendekeza masharti matano. Familia ikiyatimiza, kijana aende chuo. Ikikwama kwenye moja, isimamishe safari, ilirekebishe kwanza.

Moja, deni lote pamoja na riba liweze kulipwa ndani ya miezi 24 ya kazi. Kwa ziada ya mfano wetu, kikomo ni kama 3,200,000.

Mbili, fedha ya mwaka wa mwisho ijulikane itakakotoka kabla ya mwaka wa kwanza kuanza. Anayeacha njiani hubaki na deni lote bila cheti wala leseni.

Tatu, shamba la michungwa, minazi, mikorosho au nyumba visiwekwe rehani. Uzeni mavuno, mti ubaki. Wadogo zake nao watasoma kwa shamba hilohilo.

Nne, kila malipo ya chuo yafanywe benki au kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo, na risiti zihifadhiwe. Fedha isipite mkononi mwa wakala wala "mtu wa ndani".

Tano, kijana mwenyewe aitake kazi hii. Apelekwe siku moja kituo cha afya akaone zamu ya usiku, akaone kidonda kinavyosafishwa. Anayesoma kwa kulazimishwa hufeli kwa gharama ya nyumba nzima.

Kama hesabu haijakaa sawa, njia hazijafungwa. Kusubiri mwaka mmoja na kulima ufuta kwa ajili ya ada hakumpunguzii mtu akili. Mwenye alama nzuri anaweza kwenda kidato cha tano na sita, ambako ada ya shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, kisha akaomba shahada na mkopo wake. Asiye na sifa za uuguzi aulize kwa mtendaji wa kijiji kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii: mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 ulilenga kuwaandaa watu 137,294 ndani ya miaka mitano, kwa mafunzo ya miezi sita. Na aliyemudu cheti tu anaweza kuanza kazi na cheti hicho, kisha akajiendeleza hadi diploma akiwa na mshahara wake. Akishaajiriwa, awe mwangalifu na mikopo ya benki inayomkimbilia mtumishi mpya. Kanuni ya utumishi inataka theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato, na theluthi moja ya mshahara mdogo haimlishi mtu mwezi mzima.

Mzazi, usione haya kumwonyesha mwanao daftari la mapato yako. Nawe kijana, usione haya kuuliza ada yako inatoka wapi. Kaeni kikao hicho kabla ya mnada wa ufuta, andikeni namba zote, kisha mwiteni mtu mmoja anayejua hesabu azipitie: mwalimu, mhasibu wa chama cha msingi, au nesi aliyeko kazini. Kisha ndipo msaini.